Maji Mengi, Mchanga Mwingi: Mhadhara juu ya Maneno Yanayojikanusha



Kwanza nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu ilhali jua halijapunguza ukali wake na maji ya bamvua yamekupwa, saa ambayo najua wengi wenu, na hasa akina mama, mngeweza kuwa kule chini mwambani mkitafuta pweza na kome, badala ya kukaa humu ukumbini kumsikiliza mtu anayezungumza habari za maneno. Walakini ni huko huko chini ninakotaka kuanzia, kwa kuwa mtu akisimama ufukweni hapa Shangani, Mtwara, wakati kama huu, akauelekeza uso wake Msangamkuu, ng'ambo ya mlango wa bandari, huwa amesimama juu ya kitendawili ambacho lugha yetu ilikitega zamani, nasi tunakikanyaga kila siku bila ya kukitambua. Mbele yake pana maji, na miguuni pake pana mchanga. Maji hayana punje wala kipande; ukichota hapa, pengo hujiziba papo hapo, wala hakuna mtu aliyepata kuyahesabu moja, mawili, matatu; lakini Mswahili ameyavika ile ma- ya wingi, ile ile ya mawe na majani na madafu, na husema maji haya mengi yamejaa. Mchanga nao, ambao kila punje yake imejitenga na mwenziwe, na ambao tangu kale ndio mfano wa kitu kilichoshinda hesabu, ameuvika m- ya kitu kimoja, kama mkono na mlango, na husema mchanga huu mwingi umejaa. Kisicho na sehemu kimepewa wingi, na chenye sehemu zisizokwisha kimepewa umoja. Na neno wingi lenyewe, ambalo wajibu wake ni kutaja vitu vilivyo vingi, ni neno la umoja: twasema wingi huu umezidi, wala hatujapata kumsikia mtu mzima akisema wingi hizi zimezidi.

Hapo hapo ulipo, ukiuliza mahali hapa huitwaje, utaambiwa ni pwani. Neno hilo limetokana na kupwa. Pwani ni pale ambapo maji hupwa, yaani huondoka. Sisi tunaokwenda pwani kuitafuta bahari tumepaita mahali pake kwa jina la kuondoka kwake.

Mambo ya namna hii ndiyo maudhui yangu: maneno ambayo umbo lake lasema jambo moja na maana yake yasema jingine. Nitayaita maneno yajikanushayo, na yale ambayo umbo na maana vimepatana nitayaita maneno yajisadikishayo. Neno chubwi, tunalolisema jiwe linapotumbukia majini, lajisadikisha, kwa kuwa ukilitamka kinywa chenyewe hufumba na kufumbua kama maji yalivyofanya. Na kigugumizi kadhalika, maana mtu hawezi kulitamka bila ya ulimi kugonganagongana kidogo. Lakini neno kimya lajikanusha kila linapotamkwa, na mwalimu anayepiga ukelele wa Kimya! darasani ndiye aliye mbali zaidi na hicho anachokitaka. Neno silabi lina silabi tatu. Waingereza wana neno la kutaja kitu chenye silabi moja, nalo, monosyllabic, lina silabi tano. Na kitu kikubwa wao hukiita big, kwa herufi tatu, na kidogo wakakiita small, kwa herufi tano. Watu wengi husimulia mifano kama hii kwa kucheka tu, kisha wakaiacha. Mimi naona haifai kuachwa, na sababu yangu nitaieleza kwa kuanzia kwenye makapu.

Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa msukaji. Aliupasua ukindu kwa ukucha wa kidole gumba, akausuka ukili mrefu uliozunguka miguuni pake kama joka lililolala, kisha akaushona, na alipokwisha alivitia vyombo vyake kimoja ndani ya kingine ili visichukue nafasi barazani. Siku moja alinituma nimletee kile cha ndani kabisa, chenye ukubwa wa viganja viwili, akaniambia, "Mwanangu, nipe kijikapu." Nikakitoa ndani ya kikapu, na kikapu kilikuwa ndani ya kapu. Nilikuwa mtoto, na watoto huhesabu kila kitu. Nikahesabu kwa vidole, nikaona kwamba kile kikubwa kuliko vyote, ambacho akina mama wawili hukibeba kwa kusaidiana, kina silabi mbili, cha kati kina tatu, na kile cha kuwekea vifungo na sindano kina nne. Nikamwambia shangazi kwamba kadiri kikapu kinavyopungua, ndivyo jina linavyorefuka. Akalitazama kapu, akakitazama kijikapu, akasema, "Basi hata mimi sikuwa nimeliona," akaendelea kushona.

Tangu siku hiyo sijaacha kuliona. Lugha yetu, inapotaka kukuza kitu, aghalabu hulivua neno nguo. Na inapotaka kukidogosha, hulivisha. Mguu ukiwa mnene wa kutisha huwa guu, na ukiwa mdogo wa mtoto huwa kijiguu. Mwiko wa kusongea ugali ni mkubwa na jina lake ni fupi, na kijiko cha chai, ambacho kwa asili ya jina ni mwiko mdogo, kina jina refu kuliko mwiko wenyewe. Mji ni mfupi, kijiji ni kirefu. Mto ni mfupi, na kijito, ambacho mtu hukiruka kwa hatua moja, ni kirefu. Kwa nini? Wanaoijua sarufi wanalo jibu, nalo ni jibu zuri. Mzizi wa maneno kama mtu, mti na mto ni wa silabi moja tu, na lau ungeutia ki- peke yake ungejikuta umetaja vitu vingine kabisa, maana mtu angekuwa kitu, na mti ungekuwa kiti, na mto ungekuwa kito cha thamani. Kwa hiyo lugha ikaweka ji katikati kuwa nguzo, tukapata kijitu, kijiti na kijito. Lakini hebu itazameni hiyo ji. Ni sauti ile ile inayomkuza mtu akawa jitu! Ndani ya mtu mdogo kuliko wote, kijitu, mna alama ya mtu mkubwa kuliko wote, na udogo umefungiwa ndani yake ukubwa, kama vile ambavyo shangazi angefanya lau angechukua kapu akalitia ndani ya kijikapu. Kwa hesabu ya akili jambo hilo haliwezekani. Lakini ulimini limewezekana, na mtoto wa miaka minne hulitamka bila ya taabu.

Ikiwa ki- ni alama ya udogo, basi natuwahesabu waliovaa nguo hiyo. Kimo kisu, na kiatu, na kijiko. Na yumo kifaru. Na yumo kiboko, ambaye wenzetu wa bonde la Ruvuma hawahitaji kuelezwa ukubwa wake. Kimo na kilima, ambacho kwa mlima ni kama kikapu kwa kapu. Na mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, wenye mita 5,895, sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina lake bila ya kusikia kilima mwanzoni. Kadhalika kisiwa: wazee walikuwa na neno siwa kwa kile kikubwa, lakini siwa likasahauliwa, na leo hata Bukini, ambayo wengine huiita Madagaska na ambayo ni miongoni mwa visiwa vinne vikubwa duniani, twaiita kisiwa, kwa nguo ile ile tunayokivika kijipande cha matumbawe na mikoko ambacho maji yakijaa hubakiza mti mmoja.

Ningekuwa nawadanganya, hata hivyo, kama ningekomea hapo, kwa sababu kwa kiboko lugha imefanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ni miongoni mwa mema yake makubwa. Msikilizeni mvuvi akitoka kwenye mdomo wa mto. Hasemi, "Kiboko kile kikubwa kimepindua mtumbwi." Asema, "Kiboko yule mkubwa amepindua mtumbwi." Jina limevaa nguo ya kijiko, lakini kila neno linalolifuata laliamkia kama mwenye roho. Umbo limekosea, na sentensi imelisahihisha. Wala haikulisahihisha kwa kulibadili jina, bali imeliacha lilivyo na kulitendea inavyostahiki.

Na neema hii haikukomea kwa wanyama. Tunayo maneno kiziwi, na kipofu, na kilema, maneno mazito, ambayo kwa umbo lake yamewaweka watu pamoja na viti na visu, na siku hizi wako wanaoyaepuka, wakasema mtu asiyesikia na mtu mwenye ulemavu, nami nawaunga mkono. Lakini katika mtaa niliokulia palikuwa na fundi wa kukalafati mashua ambaye hakusikia tangu kuzaliwa, na aliyejua pahala maji yanapopenya kwa kupitisha kiganja tu juu ya ubao, akasindika pamba na sifa kwa nyundo ambayo mlio wake wengine waliusikia na yeye akaujua kwa mkono. Alipotokea barazani, watu walisema, "Kiziwi kaja, mpeni kiti." Hakuna aliyesema, "Kiziwi kimekuja." Neno la kwanza katika usemi ule lilikuwa limemshusha, na la pili likamwinua, na hilo la pili ndilo lililobeba kitendo. Linganisheni na Wajerumani, ambao boma lao la mwaka 1895 bado limesimama hapo Mikindani: katika lugha yao msichana huitwa Mädchen, na kwa kuwa neno hilo lina kiishio cha udogo, sheria yao inalitia katika jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, jinsi ya vitu, na kivumishi kinachomsifu msichana huyo sharti kifuate jinsi hiyo. Huko umbo ndilo lililoshinda. Kwetu ameshinda mtu.

Na kwa kuwa nimeitaja Mikindani, mniruhusu neno moja la pembeni. Mkinda ni mnazi mchanga, ambao bado haujazaa. Na Mikindani, kwa umbo lake, ni mahali pa minazi michanga. Mji wenye jina la ujana ndio mzee, uliopokea majahazi karne nyingi kabla ya Mtwara yetu hii kuwa na gati.

Sasa natuingie chuoni, maana huko ndiko wengi wetu tulikojifunza kwanza kulitazama neno kama kitu chenye mwili. Mnaukumbuka ubao, na wino, na ile safu ya irabu tulizoziimba kwa kuyumbayumba: fat-ha, kasra, dhamma, na sukuni. Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa wavivu na mpole kwa waulizaji, na mimi siku moja nilimwuliza swali ambalo nilidhani litanipatia fimbo: mbona kasra yenyewe haina kasra? Hakunijibu. Alinipa ubao mkavu, akaniambia, "Andika majina ya zote nne, uzitie irabu barabara, kisha uniletee." Nikaenda chini ya mkungu, nikaandika. Fat-ha ilikuwa kweli: herufi yake ya kwanza ina fat-ha juu yake, na neno lajishuhudia. Kasra nikakuta yaanza kwa fat-ha, ikafuata sukuni, kisha fat-ha tena, na chini ya mstari hapana kitu; neno litajalo alama ya chini halina alama hata moja ya chini. Dhamma nayo yaanza kwa fat-ha, wala dhamma haimo. Na sukuni, ambayo maana yake ni utulivu wa herufi isiyo na irabu, yaanza kwa dhamma mbili zinazofuatana, neno lenye mwendo kuliko yote manne. Shadda, niliyoiongeza kwa kiherehere changu, ilikuwa ya kweli, maana dali yake ina shadda. Kisha nikafika kwenye hamza, ile alama ya kukata pumzi kooni, nikaona hamza haina hamza ndani yake. Nilimpelekea ubao, akausoma mstari kwa mstari, akaniita nikae karibu naye, na baada ya wenzangu kuondoka akanipa kipande cha kashata na kuniambia kwamba wanazuoni wa Kiarabu walikwisha kuyachungua mambo haya kwa karne nyingi, na kwamba wapo waliotunga vitabu vizima juu ya adh-dadi, maneno ambayo kila moja lina maana mbili zinazopingana.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia kwamba muannath, neno ambalo katika sarufi ya Kiarabu humaanisha kilicho cha kike, lenyewe ni la kiume kwa umbo. Na kwamba katika darasa letu walikuwamo wavulana wawili, Hamza na Twalha, ambao majina yao yameishia kwa ile te ya duara ambayo ndiyo alama ya kike, na msichana aitwaye Zainabu ambaye jina lake halina alama hiyo. Jina Hamza, ningependa mjue, kwa Kiarabu haliandikwi kwa herufi ile ile ya kwanza kama hamza ya kooni. Ni sisi Waswahili tuliozikutanisha hizo he mbili katika sauti moja. Hata hivyo hakuna bedui aliyepata kudhani kwamba Twalha ni mwanamke. Waarabu vilevile humwita kipofu basiri, yaani mwenye kuona, na aliyeumwa na nyoka wakamwita salimu, na jangwa wakaliita mafaza, mahali pa kuokoka. Nao wakiyasema hayo hawasemi uwongo, bali wanamtakia mtu heri na kulifukuza baya kwa jina jema, kama wazee wetu ambao usiku wakimwona nyoka humwita kamba.

Mwaka 1908, huko Ujerumani, Kurt Grelling na Leonard Nelson walichapisha swali linalohusu maneno haya haya, nalo mpaka leo linawahangaisha wanafalsafa. Nitalieleza kwa maneno yetu. Tumekubaliana kwamba kila neno la kusifu ama lajisadikisha ama lajikanusha. Sasa chukueni hilo neno lijikanushalo lenyewe, mliulize: wewe nawe wajikanusha? Likisema naam, najikanusha, basi limeitaja hali yake kwa usahihi, na neno linaloitaja hali yake kwa usahihi ndilo tuliloliita lijisadikishalo. Kwa hiyo halijikanushi. Likisema la, sijikanushi, basi jina lake halilingani na hali yake, na neno ambalo jina halilingani na hali ndilo tuliloliita lijikanushalo. Kwa hiyo lajikanusha. Ukilishika kichwa linatokea mkiani, ukilishika mkia linatokea kichwani. Mimi nimekaa na swali hili miaka mingi, na ninaloliona ni kwamba shida imezaliwa pale tulipolazimisha kila neno lisimame upande mmoja wa mstari, huku ama kule, na likae huko daima. Huyo Grelling, ambaye alifikiri kwa uwazi namna hiyo juu ya mistari ya kugawia maneno, aliuawa Auschwitz mwaka 1942, na waliomwua hawakumwuliza alilolifanya wala alilolifikiri; walimgawa kwa asili yake.

Nimelitaja neno asili, na hilo ndilo nililokuwa nikilikusudia tangu mwanzo.

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni rafiki zangu na watu wenye mapenzi ya kweli na lugha hii, wanaotaka Kiswahili kisafishwe. Husema kwamba maneno ya kigeni yamezidi, na kwamba yafaa tuyarudie ya asili, tukipate Kiswahili halisi, Kiswahili safi. Nawasikiliza kwa heshima. Lakini natuyatazame maneno wanayoyatumia kudai jambo hilo. Asili ni neno la Kiarabu. Halisi ni la Kiarabu, na safi ni la Kiarabu. Sanifu ni la Kiarabu. Na ile Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuiteua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, ilipokisanifisha Kiswahili, jina la kazi yake lilitoka ng'ambo ya bahari. Lugha, neno hilo, ni la Kiarabu, na lahaja, na sarufi. Kamusi ni la Kiarabu, na kwa Waarabu lilikuwa jina la bahari kuu, mpaka Firuzabadi, aliyefariki huko Yemen mwanzoni mwa karne ya 15, alipokiita kitabu chake cha maneno Bahari Izungukayo, na watu wakaja kukiita kila kitabu cha namna hiyo bahari. Kwa hiyo mwanafunzi akiitia kamusi mkobani, ameitia bahari mkobani.

Upande wa pili je? Mgeni. Neno hili ni la Kibantu tangu shina hata ncha. Waganda husema mugenyi, Wakikuyu husema mũgeni, na kwa Wanyarwanda umugeni ni bibi arusi, yule aingiaye nyumba ya watu na ambaye nyumba haiwezi kuendelea bila yeye. Kuazima ni neno la Kibantu, na kukopa pia. Basi hivi ndivyo mambo yalivyo: kile kinachodai kuwa chetu tumekitaja kwa neno lililokuja kwa jahazi, na kile tunachokiita cha wengine tumekitaja kwa neno la bibi zetu. Anayesema tuyafukuze ya kigeni turudi kwenye asili, ametamka neno moja la hapa na moja la ng'ambo, akalifukuza la hapa na kulikumbatia la ng'ambo, naye hana habari. Na hilo kuazima lina ajabu yake ya ziada, maana aliyetoa ameazima na aliyepokea ameazima, kwa neno moja, kana kwamba lugha ilikataa kabisa kuandika ni nani mwenye mali.

Hata jina letu wenyewe liko hivyo. Sahili ni ufuko, na sawahili ni fuko nyingi. Kwa hiyo Mswahili, ambaye ni mtu mmoja mwenye m- ya umoja mbele yake, amebeba ndani ya mwili wa neno wingi wa Kiarabu, mtu mmoja mwenye pwani nyingi. Malaika vilevile: kwa Waarabu ni wingi, na kwa sikio letu ma- yake ni ya wingi, na bado twasema malaika mmoja alishuka, bila ya kujikwaa. Kitabu kilipofika kwetu kikitokea kwenye mzizi wa k na t na b, tuliisikia ki- mbele yake, tukaidhania ni ile ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Lilikuwa kosa, nami siwezi kuwaza kosa jingine ambalo ningelilinda kwa nguvu zangu zote kuliko hilo. Neno liliingia kama mgeni, likapewa kiti, na kesho yake lilikuwa likipokea wageni wengine.

Nina jirani mmoja hapa hapa Shangani, mzee wa Kimakonde, aliyevuka Ruvuma akiwa amebebwa mgongoni mwa mama yake katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, vile vilivyoanza Septemba 1964. Chimakonde wanachokisema ng'ambo ile ndicho alichokikuta ng'ambo hii, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyemwuliza lolote. Alivua, akaoa, akazika, akapanda minazi ambayo leo si mikinda tena. Mwaka fulani ilimlazimu kujaza karatasi katika ofisi moja, na kwa kuwa macho yake yamefifia alinichukua nimwandikie. Tulijaza jina, tukajaza umri kwa makadirio, kisha tukafika kwenye mstari ulioandikwa Asili. Nikamwuliza, "Niandike nini hapa, mzee wangu?" Alinyamaza kitambo. Nilidhani atasema mgeni, kwa kuwa mara nyingi amejiita hivyo kwa unyenyekevu anapoingia nyumba za watu, na kalamu yangu ilikwisha kuinama. Akasema, "Andika mwenyeji."

Nililiandika. Mwenyeji ni mwenye mji, maneno mawili ya Kibantu yaliyofungwa pamoja, wala ndani yake hamna swali la mtu alitoka wapi. Nikalipeleka ubavuni mwa lile neno la Kiarabu lililochapwa kwa wino mweusi, yakawa mstari mmoja, nikalikunjua karatasi lote mbele ya karani. Karani akasoma kuanzia juu hadi chini, akamtazama mzee, akamwuliza hali ya bahari, na akagonga muhuri.